Kilo za Kuazimana na Tiketi ya Bi Zuhura

Vijana wangu mliobaki pale ofisini Xiaobei, Guangzhou, mmenipigia simu mpaka mke wangu kaanza kuuliza hao ni kina nani. "Mzee Sefu, andika mambo ya kazi ya zamani, sisi hatukuyaona." Haya, naandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe, nyie ndio wenye kompyuta. Mshahara sitausema, haukuwa wa kusemwa. Cheo nilikuwa nacho kimoja tangu naingia kazini mpaka magoti yaliponirudisha Tanga, nacho kilikuwa "Sefu, njoo hapa."

Guangzhou sikwenda kusindikiza abiria. Nilikwenda kufanya biashara ya suruali. Nilinunua jinzi kule Liuhua, kwenye yale masoko yanayoizunguka stesheni ya treni, nikaonyeshwa sampuli ya mtu mzima, nzuri, kitambaa kizito. Nikalipa, nikafunga mzigo, nikausafirisha. Tanga tunafungua balo, suruali zote kiuno cha mtoto wa darasa la tano. Mke wangu akaninyanyulia moja hewani, akaniuliza, "Hii ya nani, baba?" Balo linafunguliwa mbele ya muuzaji, hilo nimewaambia mara nyingi na sasa mnajua nililisomea wapi.

Nikarudi tena kujaribu bahati, bahati haikuwepo. Nikawa nabebea wenzangu mizigo pale Dengfeng, mtaa wanakofikia Waafrika jirani na Xiaobei, nashusha mabegi ngazini, nafunga katoni kwa selotepu, napewa ya chai. Hapo ndipo Bi Huang aliponiona. Nyie mmemkuta amezeeka, amekaa na birika lake la chai kama bibi wa watu. Wakati ule alikuwa moto. Ofisi yake ya tiketi ilikuwa na upana wa mlango, na Kiswahili chake alikiokota kwa wateja, kipande hiki cha Mzanzibari, kile cha Mkongo. Sisi wote tulimwita Laoban, yaani bosi.

"Wewe nguvu iko," akaniambia. "Kichina iko?"

"Kidogo, Laoban."

"Kidogo yako kidogo sana. Kesho kuja."

Kesho yake nikaja, na nimekaa mpaka nimeota mvi.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini hamjui ilivyokuwa. Abiria wetu walikuwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja, na wanafunzi wachache wanaorudi likizo. Nilikuwa nawachukua Dengfeng na mizigo yao, nawapeleka uwanjani, nasimama nao mpaka kaunta, nawasemea Kichina, na nikiona wamepita pale wanapogonga pasipoti narudi. Vyombo vyangu vya kazi vilikuwa mizani ya ndoano, mkasi, selotepu na kalamu ya wino mzito. Siku ya kwanza Bi Huang alinipa ile mizani, akaning'iniza mkoba wake mwenyewe, akaniambia nisome. Nikasoma. Akaning'iniza tena, safari hii akitabasamu na kuniuliza habari za watoto wangu, huku kidole chake kinausukuma mkoba juu kutoka chini. Nikasoma nikakosea. Akanipiga kofi la bega. "Mtu anacheka, mizani hapana cheka. Macho kwa mizani."

Hilo ndilo somo langu lote la chuo kikuu.

Wizi tuliokuwa tunauona siku zile ulikuwa wa kuchekesha. Mtu anaweka begi kwenye mizani ya kaunta, na ncha ya kiatu inalinyanyua kwa chini kidogo. Mwanafunzi aliyemaliza masomo miaka mingi bado anaonyesha kitambulisho cha chuo ili apate nauli ya wanafunzi, na upara unang'aa. Bwana mmoja wa Kariakoo alivaa makoti manne ya ngozi ili yasipimwe, na Guangzhou mwezi wa saba ni jiko. Alipofika mbele alikuwa anachuruzika kama barafu ya jana. Dada wa kaunta akamwuliza kama anaumwa. Akajibu anasikia baridi. Yule dada akanitazama mimi, mimi nikatazama juu. Akapita.

Nisije nikasahau habari ya kuazimana kilo, maana ndiyo shina la haya yote.

Kila abiria ana kilo zake kwenye tiketi. Mwenye mikoba ya kike na viatu zinamzidi, mwenye chaja za simu zinambakia. Basi pale chini, kabla ya kaunta, watu wetu walikuwa wanakaa sakafuni mduara, mabegi ya shangazi kaja yamefunguliwa, na mtu anapaza sauti, "Nani ana kilo?" Mwingine anajibu, "Mimi ninazo nane, lete." Hakuna malipo. Leo zako, kesho zangu. Begi la Fatuma linapanda kwa jina la Juma, Dar es Salaam kila mtu anachukua chake. Sheria za ndege zinakataza mtu kubeba asichokifunga mwenyewe, na zina haki, lakini watu wetu waliona mwenzako akikosa kilo nawe unazo, ukimnyima umemvua nguo hadharani. Nami nilikuwa nafurahi kuutazama ule mduara. Ulikuwa kama watu wanakula sinia moja.

Tiketi wakati ule zilikuwa za karatasi, vitabu vyembamba vyenye wino mwekundu nyuma unaochafua vidole. Bi Huang alizilinda kwenye kasha la chuma kuliko hela, maana kitabu kitupu kikiibiwa, mwizi anajaza safari anayoitaka. Baadaye zikaja za kompyuta, tarakimu tu, na watu wakashangilia kwamba sasa wizi umekwisha. Mimi na Bi Huang tukashangilia pia. Akaichoma karatasi moja iliyobaki kwenye kisahani, tukanywa chai.

Haikupita muda akaja bwana mmoja mwenye tai, Kiingereza safi, harufu nzuri. Akanunulia watu tiketi kwa kadi ya benki. Akarudi tena, akanunulia wengine. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa ananisalimia. Miezi ikapita, benki ikasema kadi zile zilikuwa za watu wengine, watu wa mbali, walioibiwa namba zao bila kujua. Wenye kadi wakarudishiwa hela zao. Shirika la ndege nalo likamwandikia wakala, ambaye ni Bi Huang: hizo tiketi lipa wewe. Abiria walishasafiri, bwana wa tai hajulikani aliko. Bi Huang akauza duka dogo la vifungo alilorithi kwa mama yake kule Kangle, karibu na masoko ya vitambaa. Hakulia. Alibandika mlangoni karatasi iliyosema kwa Kichina, Kiingereza na Kiswahili chake: KADI HAPANA. TASLIMU TU. Akapandisha bei kidogo ili azibe shimo.

Bei ilipopanda, watu wakaanza kwenda kwa Deo.

Deo alikuwa kijana wa Mwanza, amekuja kwa ufadhili wa serikali kusomea madaraja. Mrefu, mpole, anazungumza Kichina mpaka wauza mboga wanageuka kuona sauti imetoka wapi. Jioni alikuwa anashuka Dengfeng kuwaandikia wafanyabiashara oda zao kwa Kichina, kuwapeleka hospitali, kuwagombea kwa wenye nyumba. Hakuwa anadai kitu. Ukimpa chakula anakula, usipompa anaaga. Sasa kwenye mtandao akakutana na jamaa wa nchi nyingine, akamwambia anafanya kazi kwenye shirika la ndege, ana nafasi za wafanyakazi, anaweza kumpa tiketi kwa nusu ya bei. Deo anatuma jina kama lilivyo kwenye pasipoti, zinarudi tarakimu, na tarakimu zinafunguka kwenye kompyuta ya shirika kama tiketi nyingine yoyote. Nimeziona mimi mwenyewe kaunta, zinafunguka.

Na kilichowaua watu wetu ni utaratibu wake wa malipo. Ilikuwa ulipe ukitua. Ukifika Dar es Salaam, ndugu yako aliyebaki Guangzhou ndiye anampelekea Deo hela yake. Watu wakawa wanaulizana, mwizi gani anakubali kulipwa mwisho? Walimpima muuzaji, wakamwona mzuri, na kweli alikuwa mzuri. Tiketi hakuna aliyeipima.

Bi Huang akaniita. "Sefu. Ndege inakunywa mafuta. Mafuta ya huyu mtoto nani analipa?"

"Labda wana punguzo, Laoban."

Akacheka kwa pua. "Tiketi rahisi hapana iko. Iko tiketi mtu mwingine kalipa. Huyo mtu mwingine anajua? Nenda kuuliza hiyo."

Nikaenda, nikamkuta Deo kwenye mgahawa wa Mkongo mmoja anakula wali. Nikamwuliza kama nilivyotumwa. Akaweka kijiko chini.

"Mzee Sefu, na mimi niliwahi kujiuliza. Nikamwuliza jamaa, akaniambia ni nafasi zao za wafanyakazi. Na hakuna aliyewahi kurudishwa."

"Wewe unamjua kwa sura huyo jamaa?"

"Simjui kwa sura. Lakini mzee, mimi ninachopata ni kidogo, namtumia mama."

Nikarudi na hilo jibu. Bi Huang akalisikiliza, akamwaga majani ya chai.

Kuna jambo nililielewa baadaye sana, nanyi lishikeni. Tiketi za Deo zilikuwa zinakuja jana kwa safari ya leo. Siku zote. Jamaa alimwambia ndivyo nafasi za wafanyakazi zinavyopatikana, dakika za mwisho. Kumbe ilikuwa ili mtu asafiri kabla mwenye kadi hajaona kwamba hela yake imetoka. Mkiona tiketi ya namna hiyo, ulizeni.

Ukaja ule mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Beijing, viza zikakazwa. Zamani mtu akipitiliza alikuwa anahangaika anapata nyongeza. Mwaka ule ukisikia tarehe imefika, uwe nje ya nchi. Ukikutwa umepitiliza unaweza kuwekwa ndani, na kurudi tena usahau.

Bi Zuhura alikuwa Mzanzibari wa Darajani, muuza mikoba ya kike, mjane, mnene wa wastani, mdomo mkali, mkono mwepesi. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ule mduara wa kilo. Alikuwa anajua nani kazidi na nani kapungua kwa kumtazama anavyotembea. Safari moja kabla ya hiyo aliugua tumbo, akafanyiwa operesheni, na Deo alilala kwenye kiti cha hospitali akimtafsiria daktari. Tangu hapo alikuwa anamwita mwanangu. Mwaka ule alihitaji tiketi, viza yake inaisha siku ileile ya safari, na akaenda kwa mwanawe.

Lakini Bi Zuhura hakuwa mtu wa kubahatisha. Mambo ya kupewa tiketi jana yake hakuyataka. Nilikuwepo akimwambia.

"Deo mwanangu, mimi nataka niione mapema. Wiki moja nikae nayo kwenye mkoba."

"Mama, huwa zinakuja mwishoni."

"Mwambie huyo rafiki yako mimi ni mtu mzima, moyo wangu haukimbizwi."

Deo akamwandikia jamaa, jamaa akakataa, Deo akamwomba sana, akakubali. Bi Zuhura akapata tiketi yake wiki nzima kabla. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaniambia, "Umeona, kaka Sefu? Ukiuliza unapewa." Wiki hiyo, mahali nisipopajua, mtu nisiyemjua akafungua barua ya benki, akaona amemnunulia mtu safari ya Afrika.

Siku ya safari, mchana, mduara ulikaa kama kawaida. Bi Zuhura alikuwa anawafungia watu mabegi, anakaa juu yake ili zipu ifunge. Mizigo yake mwenyewe aliigawa yote, kwa sababu wenzake walikuwa na kilo nyingi. Begi moja kwa Shabani wa Tandika, jingine kwa dada mmoja wa Temeke, na la tatu kwa kijana mwingine. Akabaki na mkoba wa mkononi. Wakatangulia wenzake, yeye akawa wa mwisho, kama desturi yake, mpaka wote wapite.

Kaunta alikuwepo Lin, binti tuliyezoeana naye. Akachukua pasipoti, akagonga jina kwenye kompyuta. Akagonga tena. Hakuinua uso.

"Meiyou," akasema. Hakuna.

"Angalia vizuri, Lin. Ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Imefutwa. Kadi iliyolipa ilikuwa ya wizi." Akamwita msimamizi wake.

Nikamgeukia Bi Zuhura nikamwambia. Nilimwambia polepole, na bado nilikuwa natafuta namna nyingine ya kumwambia nilipomaliza. Akafungua mkoba, akatoa ile karatasi, akainyoosha juu ya kaunta kwa kiganja.

"Wiki nzima ninayo," akasema. "Waambie wiki nzima."

Msimamizi alikuwa bwana wa makamo, si mkali. Aliuliza mambo mawili: nani kamwuzia, na mizigo yake iko wapi. Mtu anayesafiri na tiketi ya wizi, safari ndefu, hana begi hata moja. Na yeye angekuwa mjinga kama asingeuliza. Akawaita wenzetu waliokuwa bado wamesimama pembeni wanakunja risiti zao za mizigo.

"Huyu mama yuko na ninyi?"

Mimi nikatafsiri. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na kipande cha Bi Zuhura kwenye jina lake, na kila mmoja alishajibu kaunta kwamba mizigo yote amefunga mwenyewe.

Shabani akasema, "Mimi simjui."

"Shabani!" Bi Zuhura hakupiga kelele. "Begi lako nimelikalia sasa hivi mpaka zipu imeniuma. Hunijui?"

"Dada, mimi nina safari."

"Na mimi nina nini?"

Shabani akatazama viatu vyake. Yule dada wa Temeke alianza kulia, lakini kusema hakusema. Sijawahi kumlaumu sana Shabani. Naye viza yake ilikuwa inakwisha, ana watoto, ana deni Kariakoo. Lakini ule ukimya, vijana, nausikia mpaka leo.

Bi Zuhura akavua miwani akaifuta. Akaniambia, "Mwambie huyo bwana mabegi yangu ni matatu, yamepanda kwa majina ya hawa. Mzigo usipande bila mwenyewe."

"Dada, ukisema hivyo na wao watashushwa kuhojiwa."

"Ndege ina watu, kaka Sefu. Mimi sikuweka kitu kibaya humo, lakini huyu bwana atajuaje? Mwambie."

Nikamwambia. Mabegi yakatafutwa, yakashushwa, ndege ikachelewa. Wenzetu walihojiwa, wakaandikwa, wakaachiwa wapande, na walipokuwa wanapita mbele yetu mmoja alitoa neno ambalo sitaliandika. Walimtukana yeye. Tiketi ya wizi hawakuitukana.

Akabaki Bi Zuhura kwenye kiti cha plastiki, na maafisa wa polisi wa uwanja wawili wamefika. Msimamizi akanieleza vizuri. Akimtaja muuzaji, ataandikwa kwamba yeye ametapeliwa, watamsaidia atoke leo hii akipata tiketi nyingine. Asipomtaja, wao hawana la kuandika isipokuwa kwamba alijua.

"Mwambie sijui," akasema Bi Zuhura.

"Bi Zuhura, viza yako inakwisha leo."

"Naijua. Nimeisoma kuliko wewe."

"Wakikuweka ndani hutarudi tena China. Utakula nini?"

"Nitauza maandazi. Yule kijana kabakisha mtihani mmoja, Sefu. Mmoja. Watoto wa watu maskini wangapi wanafika hapo? Mwambie nimenunua kwa mtu njiani, simjui."

Hela ya tiketi nyingine hakuwa nayo, yote alikuwa ameimaliza kununulia ile mikoba iliyo kwenye yale mabegi. Mimi sikuwa nayo. Bi Huang alikuwa bado anaziba shimo la bwana wa tai. Basi nikajitenga kando, nikampigia Deo. Nilimwambia tiketi ya mama imekufa, lete nauli, haraka. Sikumwambia habari ya polisi. Si kwamba nilimficha. Nilikuwa nafikiria nauli. Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi, naitengeneza upya, naongeza maneno manne tu: usije wewe, mtume mwenzako. Maneno manne. Hayakuja.

Deo alikuja kwa teksi, na bahasha waliyochanga wanafunzi bwenini. Alikuwa amevaa kandambili, nadhani alitoka mbio. Bi Zuhura alipomwona akasimama.

"Wewe umekuja kufanya nini hapa? Mimi nakujua wewe? Potea!"

Msimamizi akamtazama Bi Zuhura, akamtazama kijana. Polisi nao.

"Simjui huyu!" Bi Zuhura akaniambia. "Sefu, waambie simjui!"

Ndipo Deo akasema. Alisema kwa Kichina, taratibu, kile Kichina chake kizuri, kwamba ni yeye aliyemwuzia, mama hakujua kitu, na hela ya tiketi mpya hii hapa. Siku ile nzima nilikuwa natafsiri, na neno lililokuwa zito kuliko yote halikunihitaji. Bi Zuhura hakujua Kichina, lakini alielewa. Akakaa. Akafunika uso kwa mtandio wake.

Alisafiri jioni ileile kwa ndege ya shirika jingine, pasipoti ikagongwa kabla ya siku kwisha. Mabegi yake nilimtumia baadaye kwa shehena. Alipokuwa anaondoka hakuniaga mimi, na sikumdai salamu.

Deo walimshika kwa wiki kadhaa. Walikagua barua zake na yule jamaa wa mtandaoni, wakaona kijana naye alidanganywa, jamaa mwenyewe hapatikani wala jina lake si jina lake. Lakini tiketi aliziuza. Chuo kikamfuta, ufadhili ukaondoka, akapewa siku chache awe ametoka nchini. Ule mtihani mmoja hakuufanya. Watu hupiga hesabu ya hasara ya wizi wa tiketi kwa mashirika, mabenki, mawakala. Mimi naongeza madaraja. Sijui mangapi, lakini huko Mwanza na kwingineko kuna mito ambayo Deo hakuvusha watu.

Na Dengfeng ikabadilika. Shirika likaweka mtu wa kuuliza kila abiria kuhusu kila begi, sawa, hiyo ni kazi yao. Kilichoniuma ni watu wetu wenyewe. Mduara ulikufa. Wakawa wanakuja mmojammoja, kila mtu na mizani yake, wanapima wamegeukiana migongo. Kilo zikibaki zinabaki.

Siku Deo anaondoka ilikuwa asubuhi. Bi Huang alimkatia tiketi yeye mwenyewe, na nilipotaka kumwuliza akanikatiza. "Hii tiketi mimi nalipa. Mimi najua nalipa." Akampa na maembe makavu ya kumpelekea mama yake. Nikamsindikiza. Begi lake lilikuwa dogo, vitabu aliwaachia wenzake. Kwenye ndoano ya mizani yangu lilining'inia kama kuku.

Mbele yetu kaunta kulikuwa na dada mmoja wa Kariakoo, sakafuni, na katoni ya viatu vya watoto iliyomzidi. Anahamisha huku, anahamisha kule, jasho linamtoka. Akainua kichwa, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza, akaufunga.

Deo akainama. "Dada, mimi nina begi hili tu. Weka katoni yako kwangu."

Yule dada akamtazama. Alimjua. Dengfeng yote ilimjua.

"Ahsante, kaka," akasema. "Hivi viatu nilikuwa naviacha tu."

"Viatu vizuri hivi?"

"Naviacha."

Deo akanyooka. Akaenda kaunta, Lin akampokea, akampa kadi yake ya kupandia ndege kwa mikono miwili. Kijana akapita kule ndani na mabega yake marefu, akageuka mara moja akanipungia, mimi nikampungia na ile mizani, nilisahau kwamba nimeishika.

Yule dada akaisukuma katoni kwangu kwa mguu. "Mzee, tafuta mtu umpe." Nikarudi nayo Dengfeng kwenye gari letu lililokuwa tupu, nimeipakata, na njia nzima dereva alikuwa ananiuliza nina wajukuu wangapi.